Sindano iliyopinda niliiona Jumatatu, Alhamisi nikaiona tena

BARUA

Bi Muuguzi, shikamoo.

Natumai hujambo, na walio nyumbani hawajambo. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, nina miaka 44 na watoto watatu. Kazi yangu ni ya kukaa. Sare za shule zikinibana, Desemba na Januari, nakaa kitako kuanzia baada ya alfajiri mpaka isha, nikiinuka ni kwa swala na chakula. Kiuno kilinianza mwaka juzi. Kikikaza kinapanda mpaka bega la kulia, na asubuhi nikiinama kuchukua ndoo nashika ukuta. Vidonge vya maumivu nilimeza mpaka tumbo likaanza kuniwaka, nikaviacha. Natumia pia dawa za presha, na daktari aliniongezea aspirini ndogo ya kila siku.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, magoti yalikuwa yamemkataa hata akawa anaswali kwenye kiti. Alikwenda kwenye tiba ya sindano za Kichina, akachomwa wiki sita, sasa anasujudu chini kama zamani. Aliponiona ninavyojikunja akanilipia mara kumi kwa mkupuo, shilingi laki mbili, wala hakuniambia kwanza. Alinipa risiti tu. Nilimshika mkono nikalia.

Nimeshakwenda mara tano, kila Alhamisi na Jumatatu. Anayechoma ni kijana wetu tu wa hapa, anasema alisomea, ana adabu na mkono mwepesi. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikalala kuanzia adhuhuri mpaka alasiri ikanipita, jambo ambalo si kawaida yangu. Mara ya pili damu ilivilia pajani, doa likawa kubwa kama sahani ya chai, la zambarau, baadaye likageuka manjano. Mara ya tatu nilikuwa nimefunga Sunna ya Alhamisi. Alinikalisha kwenye stuli anichome bega, mara nikaona giza, masikio yanavuma, jasho la baridi. Akaniwahi kabla sijaanguka.

Jambo linaloninyima usingizi ni la mara ya nne na ya tano. Sindano zake anazitoa kwenye kibakuli cha bati chenye spiriti, na akimaliza anazirudisha humo humo. Mimi nilijua ndivyo zinavyosafishwa. Lakini sindano ndiyo kazi yangu, Bi Muuguzi, macho yangu yamezoea. Jumatatu nilimwona akinichomoa moja iliyopinda kidogo karibu na mpini, na mpini wenyewe una uzi wa shaba ulioanza kufumuka. Alhamisi, katika zile alizonitia, ile ile ikawemo. Kati ya siku hizo mbili amewachoma watu wangapi?

Mume wangu, ambaye yuko bandarini, anasema niachane na mambo ya Kichina. Mama mkwe anataka aniitie mwumishi nipigwe chuku, damu mbaya itoke. Wifi anasema nivumilie, kwamba maumivu yakizidi ujue dawa imeufikia ugonjwa. Kiuno kwa kweli kimepungua kidogo, siwezi kusema uongo. Je, haya yaliyonipata ni ya kawaida? Nimalizie mara tano zilizobaki? Na nikiacha, nimwambie nini wifi yangu aliyetoa fedha zake?

Nilisahau. Tangu Alhamisi hiyo, alipoizamisha zaidi ile ya begani kwa sababu nilimwambia bado kunauma, nikivuta pumzi ndefu kuna kitu kinanichoma nyuma ya kombe la bega. Jana nikipanda ngazi kwa mteja pumzi ikawa fupi. Labda ni uchovu.

Fundi, Ngamiani, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako iliniingilia kwenye simu Jumamosi baada ya magharibi. Nilikuwa naisoma taratibu, natafuta la kukujibu kuhusu wifi, mpaka nikafika hapo uliposema umesahau. Nikaacha kusoma nikakupigia. Umeniruhusu niichapishe barua pamoja na yaliyofuata, nami nakushukuru, kwa kuwa wapo wenzako wanaolala kitandani na sindano mgongoni wiki hii ambao hakuna aliyewaambia.

Nianze na hilo la pumzi. Pafu halikai kifuani tu. Ncha yake inapanda mpaka juu ya mtulinga, mfupa ule unaovuka chini ya shingo, na kwa nyuma limetandazwa chini ya kombe la bega na katikati ya mbavu. Mtu mwembamba, kutoka ngozi ya begani mpaka kwenye pafu hapana kina kirefu. Sindano ikizama pale bila kipimo, ikatoboa utando wa pafu, hewa inavuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu linaanza kusinyaa. Dalili zake ndizo ulizoandika: kichomi ukivuta pumzi, pumzi fupi ukipanda ngazi au ukitembea haraka, pengine na kikohozi kikavu. Na huja kwa hila. Mtu anaweza kuinuka kitandani mzima, akaaga, akaenda sokoni, dalili zikamjia saa kadhaa baadaye au kesho yake, naye asifikirie kabisa kuzihusisha na sindano.

Kwa hiyo nilikuambia usiku ule ule uende Bombo, hospitali ya mkoa wetu, na ukifika useme kwa sentensi moja: "Nimechomwa sindano za Kichina begani Alhamisi, sasa pumzi fupi." Neno hilo la sindano lisipotajwa, daktari anaweza kuanza na moyo, au vidonda vya tumbo, ukakaa foleni. Ulikwenda na mumeo, mkapiga picha ya kifua, na picha ikatoka safi. Alhamdulillahi. Daktari alikubonyeza akakuta msuli chini ya kombe la bega umevimba, akakuambia urudi upesi pumzi ikizidi kuwa fupi, maana hewa ikiwa kidogo sana huweza kutoonekana kwenye picha ya kwanza. Uliniomba radhi kwamba umenisumbua bure. Mwanangu, hukunisumbua. Ukiniandikia barua kama ile mwezi ujao nitakupigia tena, na nitakutuma tena huko huko.

Sasa niwaambie wasomaji jambo hili ni nadra kiasi gani, nisije nikawatisha watu na tiba nzima. Ujerumani waliwafuatilia wagonjwa 229,230 waliochomwa sindano kwa maumivu ya kiuno, magoti, kichwa na mengineyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kila mmoja alichomwa kwa wastani mara kumi, kama ulivyolipiwa wewe. Walioingiwa na hewa kifuani walikuwa wawili. Wawili tu, katika watu ambao wangejaza viwanja vya mpira vitatu vikubwa. Waliopata madhara ya aina yoyote, hata doa dogo, walikuwa 8.6 katika kila 100, na mengi yalikuwa damu kutoka au kuvilia (6.1 katika 100), kisha maumivu palipochomwa (1.7 katika 100). Aliyeumwa muda mrefu kuliko wote ni mgonjwa ambaye mshipa wa fahamu wa mguu uliguswa, ikamchukua siku 180.

Lakini hesabu hiyo tuisome vizuri. Wachomaji wote walikuwa madaktari waliosomea udaktari kwanza na sindano baadaye. Hatuwezi kuichukua na kuibandika kwenye kila mlango wenye picha ya mtu aliyechorwa mistari.

Katika uliyonieleza, yapo matatu yaliyo madogo. Usingizi ule wa mara ya kwanza ni wa kawaida. Mwili uliokuwa umekaza miaka miwili ukilegezwa, mtu husinzia. Ubaya wake ni njiani tu, hasa hapa kwetu ambapo nusu ya mji inapita kwa baiskeli na nusu nyingine kwa bodaboda. Baada ya mara ya kwanza mtu akae kidogo, asiendeshe chochote.

Doa la pajani nalo ni damu iliyovuja kwenye mshipa mdogo. Kwako lilikuwa kubwa kwa sababu ya aspirini, ambayo kazi yake ni kuizuia damu isigande upesi. Kijana alikuuliza unatumia dawa gani? Uliponijibu kwenye simu kwamba hakuuliza, hapo ningemtilia shaka hata bila ya habari ya kibakuli. Tafadhali, usiiache aspirini kwa ajili ya sindano. Aliyekupa ana sababu yake, na doa la pajani halilingani na kiharusi. Mtu mwenye kutumia dawa nzito zaidi za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asichomwe mpaka daktari wake ajue.

Kuona giza nako kunaelezeka. Ulikuwa na njaa ya saumu, una dawa ya presha mwilini, umekalishwa wima kwenye stuli, na moyoni una hofu ya sindano. Katika hali hiyo mishipa hulegea ghafla, mapigo ya moyo hupungua, damu inachelewa kupanda kichwani. Dawa yake ni kuchomoa sindano zote, kumlaza mtu chali, kumwinua miguu, na akizinduka vizuri anywe kitu cha sukari. Lililonikera ni stuli. Mtu anayechomwa kwa mara za mwanzo alazwe. Ukianguka na sindano begani, sindano hiyo inakwenda wapi? Inaweza kuzama, inaweza kupinda, inaweza kukatikia mwilini. Na hapa ndipo tunarudi kwenye ile sindano yako.

Wewe ukiona sindano ya cherehani imepinda, hata kidogo, unaifanya nini? Unaitupa. Unajua itaruka mishono, itachana kitambaa, mwishowe itakatika na kipande kirukie jichoni. Na hiyo ni sindano namba 14, yenye unene wa milimita 0.9. Sindano ya Kichina iliyozoeleka ina unene wa milimita 0.25 hivi, haifiki hata theluthi ya yako. Ndiyo maana haiumi ikiingia, na ndiyo maana ikipinda haifai tena. Fundi wa kitambaa anatupa chuma kinene, halafu fundi wa mwili wa mtu arudishe uzi ule mwembamba uliopinda kwenye kibakuli?

Kibakuli chenyewe ndicho kilichonifanya nikuambie, usiku ule ule, kwamba mbali na picha ya kifua uombe na vipimo vya damu. Spiriti husafisha ngozi. Haiui kila kilichomo kwenye sindano iliyotoka mwilini mwa mtu. Sindano ya kurudiwa inatakiwa ioshwe kisha ipikwe kwa mvuke wa shinikizo, nyuzijoto 121 au zaidi, kwa muda uliopimwa, kama vinavyofanywa vyombo vya upasuaji. Siku hizi hakuna haja hata ya hilo, kwa kuwa zipo za kutumia mara moja, zimefungwa kwenye pakiti, zinachanwa mbele ya mgonjwa na kutupwa kwenye lile boksi la manjano. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa usalama wa tiba hii mwaka 1999, na sindano safi ni katika mambo yake ya msingi. Marekani, tangu 1996, mamlaka yao ya dawa inataka pakiti ya sindano hizi iandikwe kwamba ni ya mara moja tu.

Ninayemwogopa zaidi kwenye kibakuli ni homa ya ini B. Kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho, siku saba au zaidi kikiwa bado kinaambukiza. Mwaka 1984 kule Rhode Island, Marekani, kliniki moja ya sindano iliambukiza wagonjwa wake 35. Wengi wetu wa umri wako hatukupata chanjo hiyo utotoni. Halafu ipo homa ya ini C, na ipo VVU. Kwa VVU hofu yangu ni ndogo zaidi, kwa kuwa sindano hizi ni chuma kitupu, hazina tundu la kubebea damu kama bomba la sindano ya hospitali. Hofu ndogo haimaanishi tukae. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 tangu mtu achomwe, na mapema ndiyo bora. Alhamisi saa nne asubuhi mpaka Jumamosi saa mbili usiku zilikuwa zimeshapita saa 58. Ndiyo maana sauti yangu ilikuwa kali kwenye simu, unisamehe. Alivyopima daktari na alivyoamua, hayo ni yako na yeye, hayaingii hapa.

Kwa wasomaji walio katika hali kama hii: pima sasa ujue ulivyokuwa kabla, rudia VVU baada ya miezi mitatu, homa ya ini baada ya miezi sita. Kipimo cha homa ya ini B kikionyesha huna, dai chanjo. Ni mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au palipochomwa pakavimba, pakawa pa moto na usaha ukiandamana na homa, usingoje tarehe.

Nije kwenye maneno ya wifi, kwamba maumivu yakizidi dawa imeufikia ugonjwa. Yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanadanganya. Wapo ambao maumivu huongezeka kidogo usiku wa kwanza, yakapoa siku inayofuata au ya pili. Yakipita hapo, hayo tena ni maumivu kama maumivu mengine na yana chanzo chake. Vivyo hivyo pale sindano inapoingia. Uzito fulani, kama ganzi nyepesi inayotambaa, wenyewe wanautafuta. Lakini ukisikia kama umeme umekupiga ukashuka mpaka vidoleni, sema pale pale, "Toa!" Usione haya. Mshipa wa fahamu umeguswa, na adabu ya kunyamaza haitakusaidia lolote.

Nina sababu ya kuchukia msemo huo. Nikiwa bado wodini, miaka mingi sasa, tulimpokea mzee mmoja mvuvi. Mgongo ulikuwa unamuuma miezi minane. Alikandwa, aliumikwa, alichanjwa, kisha akachomwa sindano, na kila mahali aliambiwa avumilie, dawa inafanya kazi. Mkewe alipomvua shati nikaona uti wa mgongo umetokeza katikati kama kifundo cha kamba. Nikamuuliza mkewe kuhusu jasho la usiku, akasema shuka huzikamua. Kilo zilikuwa zimemwisha. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na miguu ilikuwa imeshaanza kukosa nguvu. Alipona kifua kikuu. Kutembea alirudi nako kwa mikongojo. Hakuna sindano iliyomdhuru yule mzee, ila ile miezi minane haikumrudia.

Kwa hiyo swali langu kwako, ambalo hukuniuliza: kiuno chako kimeshikwa na daktari hata mara moja? Umesema umemeza vidonge, hukusema umepimwa. Sioni kwenye barua yako homa, kukonda, mguu kulegea, ganzi sehemu za siri, wala mkojo au choo kutoka bila kujijua, na mojawapo ya hayo likitokea unakwenda siku hiyo hiyo. Nadhani kiuno chako ni cha cherehani. Hata hivyo kadhania kangu ka kwenye simu hakatoshi, na sasa umeshafungua faili Bombo. Irudie.

Na tiba yenyewe, je, inasaidia? Nakujibu kadiri ninavyojua. Shirika la Afya Duniani, Desemba 2023, liliiweka sindano miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika kwa maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa nyuma yake, pamoja na mazoezi. Waingereza mwaka 2016 waliwaambia madaktari wao wasiitoe kwa maumivu ya kiuno. Watu wazima wenye elimu wanatofautiana, kwa kuwa nafuu ipo ila ni ya wastani, na sehemu yake haitofautiani sana na ile apatayo mtu aliyechomwa sindano za bandia bila kujua. Wewe umesema kimepungua kidogo. Nakuamini, wala sitakunyang'anya nafuu yako. Na mumeo mwambie kwa heshima kwamba madaktari wa Kichina wamefanya kazi kwenye hospitali zetu tangu miaka ya 1960, wapo watu wazima wa nchi hii waliozalishwa na kupasuliwa nao. Mwenye kosa hapa ni mwenye kibakuli.

Mara tano zilizobaki usiende. Hata akinunua pakiti mpya kesho. Mtu aliyechoma kwa kibakuli, asiulize dawa, akamkalisha mfungaji kwenye stuli, akaizamisha sindano juu ya pafu kwa kuwa mgonjwa amesema bado kunauma, huyo kinachompungukia ni zaidi ya pakiti. Ukitaka kuendelea na tiba hii siku za mbele, uliza cheti cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, baraza lililowekwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 2002. Mwenye nacho hukitundika ukutani wala hanuni ukikisogelea kukisoma. Na mwenye ujauzito amwambie mchomaji kabla ya kulala kitandani. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asikubali sindano za kuunganishwa na umeme. Mwenye kisukari aangalie sana miguu, ambako kidonda kidogo huwa kikubwa, na ule moto wa majani ambao baadhi ya wachomaji huusogeza karibu na ngozi unaweza kumuunguza asisikie.

Chuku cha mama mkwe sikikatazi wala sikihimizi. Ila wembe ni wembe. Uchanwe kwenye karatasi mbele ya macho yako, na mwumishi ajue habari ya aspirini, la sivyo utatoka damu kuliko alivyokusudia.

Sasa wifi. Hili nimelifikiria zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu mwanzoni nililiona kama wewe, kwamba ni suala la fedha na heshima. Kisha nikakumbuka kwamba yeye alichomwa wiki sita. Kwa kibakuli hicho hicho.

Nilikushauri kwenye simu hivi: usimtume mumeo. Nenda mwenyewe, saa ambayo nyumba imetulia, ukae naye chini hapo anapoweza kukaa sasa. Mwanzo mshukuru. Mwambie kiuno kimepungua, maana ni kweli. Kisha mwambie habari ya sindano iliyopinda kama ulivyoniambia mimi, pamoja na ule uzi wa shaba uliofumuka, bila kumlaumu kijana wala kumlaumu yeye. Usiseme "wifi, ulinipeleka pabaya." Sema, "Wifi, nimeshapima, na sitatulia mpaka na wewe upime. Nitakusindikiza." Akikasirika kwanza, mwache akasirike. Aliyekulipia laki mbili bila kuombwa hawezi kukosa kuelewa kwamba nawe unamtaka salama. Ulinipigia jana kwamba umemwendea na amenyamaza tu, akaingia chumbani. Mpe siku mbili, kisha mpitie asubuhi, ukiwa umeshavaa.

Fedha zilizobaki aombe kijana azirudishe, risiti mnayo. Na kabla ya hapo, au baada, pelekeni habari kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, kwenye ofisi ya Mganga Mkuu wa Jiji. Najua utaona ni kumharibia riziki kijana mwenye adabu. Mimi namwona mama aliyelala kwenye kitanda kile Jumanne, kati ya Jumatatu yako na Alhamisi yako, asiyejua kutazama sindano kama unavyojua wewe.

Kiti chako cha cherehani, nipigie picha unitumie. Nataka kuona kimo chake na mahali miguu inapokanyaga. Na majibu ya baada ya miezi mitatu, yakitoka, niandikie hata neno moja.